Waranti ya pikipiki iliyonunuliwa nje ya nchi: majibu kwa maswali yenu

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: mtu ananunua pikipiki upande wa pili wa mpaka au wa bahari, halafu anajiuliza kama waranti itaifuata hadi nyumbani. Majibu hayalingani, kwa sababu pikipiki mpya ya dukani, ya mnada wa Japani na ya umeme kutoka China kila moja ina mkataba wake.

SWALI (Arusha): Habari za kazi. Nataka kununua pikipiki mpya ya cc 150 Nairobi kwa sababu bei ya kule imenipendeza. Muuzaji anasema ina waranti ya miaka miwili "popote Afrika Mashariki", na chapa hiyo ina wakala hapa Arusha pia. Nimwamini?

JIBU: Usimwamini mpaka aandike, na hata akiandika, mwenye neno la mwisho si yeye. Kiwanda kilicho India, Japani au China kwa kawaida huwa na msambazaji wake katika kila nchi. Msambazaji ndiye anayeagiza pikipiki, anayeweka spea stoo na anayemlipa fundi wa karakana, kisha anakidai kiwanda kwa pikipiki alizoingiza yeye. Wakala wa Arusha akikubadilishia kichwa cha silinda bure kwa pikipiki iliyoingizwa na msambazaji wa Kenya, huenda hakuna wa kumrudishia hela hiyo. Ndiyo maana nembo ukutani ni ileile, lakini ukifika unaambiwa "hii si yetu". Hajakuonea. Kwenye baadhi ya chapa za pikipiki kubwa za Ulaya utakuta waranti inayotambuliwa nchi nyingi. Kwa pikipiki za biashara za cc 100 hadi 150 usilichukulie hilo kuwa kawaida.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kushikia, muombe muuzaji picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Iwe picha ya chuma chenyewe, siyo ya stika. Kwa pikipiki za India na China namba hiyo huwa na tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki, kwa hiyo ukiona kitu kama O jua ni sifuri. Tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji: MD2 ni Bajaj, MD6 ni TVS, ME4 ni Honda ya India; namba inayoanza na L imetoka China. Ipeleke kwa wakala wa Arusha, tena kitengo cha huduma na si mezani kwa wauza pikipiki, uulize mambo mawili: namba hii mnaiona kwenye mfumo wenu? Ikiharibika ndani ya waranti mtaitengeneza, na ufundi analipa nani? Jibu likija kwa WhatsApp linatosha, ila liwe na jina la aliyejibu na cheo chake.

Kisha omba kurasa za waranti kutoka kwenye kitabu cha mwenye pikipiki na utafute kifungu kinachotaja nchi. Mara nyingi ni mstari mmoja tu: waranti inatumika katika nchi ambako pikipiki iliuzwa na msambazaji aliyeidhinishwa. Ukiukuta mstari huo, ile kauli ya "popote Afrika Mashariki" haina pa kusimamia.

Ukiamua kununua, usitoke dukani kabla kitabu hakijajazwa tarehe ya kuuza, namba ya chasisi, namba ya injini na muhuri. Simama pale mpaka muuzaji akuingize kwenye mfumo wa kiwanda na akuonyeshe kwenye skrini. Kuna maduka huingiza mauzo kwa mafungu mwisho wa mwezi, na mengine husahau. Pikipiki isiyosajiliwa, kiwandani inahesabika bado iko stoo.

Na kama wakala wa Arusha amekataa? Muuzaji wa Nairobi bado anawajibika, lakini utamkuta hukohuko. Sheria ya Kenya ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 31) na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 zinamtaka auze kitu chenye ubora unaostahili. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Tume ya Ushindani ya Tanzania, FCC, haina mkono wa kumfikia mwenye duka Nairobi. Kwa hiyo piga hesabu hii: kutoka Arusha hadi Nairobi ni takribani kilomita 270. Ongeza usafiri wa pikipiki mbovu kwenda na kurudi, karatasi za forodha za kuitoa na kuirudisha, na siku ambazo haiingizi kitu. Hakuna waranti inayolipia hayo. Punguzo la Nairobi lisipotosha kubeba safari mbili za namna hiyo pamoja na silinda mpya na pistoni yake, nunua Arusha.

Jambo moja ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamekwama barabarani: injini ikibadilishwa yote chini ya waranti, namba ya injini inabadilika na kadi yako ya TRA haitalingana na pikipiki. Dai barua ya karakana yenye namba ya zamani na mpya, mhuri na tarehe, uende nayo kubadili kumbukumbu kabla hujasimamishwa na trafiki.

SWALI (Mombasa): Nimeona Honda CB400 Super Four ya mwaka 2015 kwenye mnada wa Japani. Kampuni inayouza inasema "imekaguliwa". Je, Honda ya hapa Kenya itanipa waranti yoyote?

JIBU: Hapana, na si kwa sababu ya umri peke yake. CB400 Super Four ilitengenezwa hasa kwa soko la Japani, na uzalishaji wake ulisimama 2022. Namba yake ya fremu haina herufi 17 za kimataifa. Inaanza na msimbo wa modeli, NC42 kwa hizi zenye mfumo wa sindano za mafuta, kisha kistari na tarakimu saba. Ukiipeleka kwa wakala hapa, kompyuta yake inayotaka herufi 17 haitakuletea kitu. Waranti ya kiwanda ilikuwa ya Japani, ya mnunuzi wa kwanza, na ilishakwisha zamani.

Ulicho nacho badala ya waranti ni karatasi ya mnada. Minada ya pikipiki kama BDS hupima injini, mbele, mwili, nyuma, umeme na fremu, kila kipande na alama yake. Usidanganyike na alama ya jumla. Pikipiki inaweza kupata jumla nzuri huku fremu imepata alama ya chini, na fremu ndiyo isiyobadilishika kwa urahisi. Omba karatasi halisi ya Kijapani, umlipe mtu akutafsirie maandishi ya mkono yaliyo pembeni, maana mara nyingi ndimo mnaandikwa "oili inavuja" au "uma wa mbele umepinda". "Imekaguliwa" maana yake mtu aliitazama. Haimaanishi kuna atakayelipa.

Pesa ambayo ungeilipia waranti iweke kwenye bima ya mzigo. Hapa wengi huumia. Muuzaji akikuuzia kwa masharti ya CIF, yaani bei yenye bidhaa, bima na nauli ya meli ndani yake, anachotakiwa kukukatia ni bima ya kiwango cha chini tu, vifungu C, ambayo hulipa meli ikizama, ikiungua au ikigongana. Tangi lililobonyea kwa sababu pikipiki iliangukiana na nyingine kontenani halimo. Nunua kwa masharti yasiyo na bima ndani yake, halafu ukate mwenyewe bima ya vifungu A, ile pana kuliko zote, kwa kampuni ya hapa Kenya. Ndiyo njia ambayo sheria ya bima ya nchi inaitaka pia. Mzigo ukifika, piga picha kontena likifunguliwa, na dosari isiyoonekana kwa haraka iripoti kwa maandishi kwa mwenye meli ndani ya siku 3 tangu kukabidhiwa. Baada ya hapo itachukuliwa kwamba ulipokea kitu kizima, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo utakuwa wako.

SWALI (Mwanza): Tuko vijana wanne, tunataka kuagiza pikipiki 10 za umeme kutoka China. Kiwanda kinatoa waranti ya mwaka 1 kwa mota na miaka 2 kwa betri. Hii si nzuri kuliko hata za mafuta?

JIBU: Kwenye karatasi, ndiyo. Someni sentensi inayofuata kwenye mkataba huo. Karibu kila mara husema hivi: spea tu, ufundi juu ya mnunuzi, kifaa kibovu kirudishwe kiwandani kwa ukaguzi, usafiri juu ya mnunuzi. Sasa tuichukue betri.

Betri ya volti 72 na Ah 40 (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba) ina nishati ya Wh 2,880. Betri ya lithiamu ya namna hiyo ikisafiri peke yake hairuhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege ya abiria tangu 2016. Kwenye ndege ya mizigo inatakiwa isizidi asilimia 30 ya chaji na iwe na ripoti ya UN 38.3, jaribio la usalama wa betri za lithiamu. Betri yenye kasoro ya kutishia usalama hairuhusiwi kupanda ndege kabisa. Na betri mnayoidai waranti, kwa maana yake, ni yenye kasoro! Inabaki meli, ambayo nayo inaihesabu kuwa mzigo wa hatari, kwa gharama inayoweza kukaribia bei ya betri mpya. Waranti ya "rudisha kiwandani" kwa betri iliyoko Mwanza ni karatasi tupu.

Kwa hiyo msibishane nao juu ya miaka. Bishaneni juu ya mambo haya. Ushahidi uwe picha, video na data kutoka kwenye BMS, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, bila kurudisha kitu. Waranti itaje uwezo, kwa mfano betri isishuke chini ya asilimia 80 ndani ya miaka 2, na itaje namna ya kupima: ichajiwe hadi ijae, itumike hadi BMS ikate, Ah zilizotoka zihesabiwe. Neno "betri ina waranti" bila asilimia litawapa nafasi ya kusema betri iliyobaki na nusu ya uwezo bado "inafanya kazi". Na msikubali ahadi ya kutumiwa spea "kwenye oda ijayo". Msipoagiza tena je?

Spea ziingie kontenani siku ileile, ziandikwe kwenye ankara kwa idadi. Kwa pikipiki 10 tungedai kontrola 2 (kifaa kinachoiongoza mota), chaja 2, BMS 2, eksileta 3, vigeuzi 2 vya kushusha volti 72 kuwa 12 za taa na honi, seti 3 za vihisi vya mota na betri 1 kamili. Vihisi hivyo ni vitatu kwa kila mota, vidogo na vya bei rahisi, lakini maji yakiingia au mota ikipata joto kali ndivyo vinavyoanza kufa: pikipiki inatetemeka ikiondoka, au haiondoki mpaka uisukume. Fundi wa redio mwenye chuma kizuri cha kulehemu anavibadilisha. Bila kihisi cha akiba, mnaambiwa mota nzima imekufa.

Kuna mtego mwingine, nao hutokea kabla hamjaiona pikipiki. Betri inakaa wiki nyingi melini, kisha bandarini, kisha stoo, na muda wote BMS inakula umeme kidogo kidogo. Ikiondoka kiwandani na chaji ndogo, inaweza kufika imeshuka chini ya kiwango cha usalama na kugoma kuchajiwa. Kiwanda kitasema imeachwa ikaisha chaji, jambo lisilo kwenye waranti. Andikeni kwenye mkataba kwamba ziondoke na chaji ya kama nusu, swichi kuu ikiwa imezimwa, na kwamba volti ya kila betri ipigwe picha pamoja na namba yake siku ya kupakia. Zikifika, pimeni zote 10 kabla ya kusaini chochote. Betri ya volti 72 yenye makundi 20 ya seli huonyesha takribani volti 84 ikijaa. Ikisoma chini ya 56, msiilazimishe chaja. Iwekeni kando mpige picha.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 kuanza na 70 kabla ya meli. Mkiweza kuzuia hata asilimia 5 mpaka baada ya ukaguzi wa Mwanza, hiyo ina nguvu kuliko ukurasa wote wa waranti. Wengi watakataa kwa oda ya pikipiki 10. Ombeni tu.

SWALI (Bukoba): Nilinunua pikipiki mpya Kampala, nikapewa kitabu cha waranti. Kwenye km 2,800 imeanza kutoa moshi wa bluu. Wamekataa kunitengenezea wakisema oili ilibadilishwa na fundi wa mtaani. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza usiifungue injini, wala usimwachie mtu aifungue. Injini ikishafunguliwa nje ya karakana yao umewapa sababu ya pili, iliyo nzuri kuliko ya kwanza.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ama ringi za pistoni, ama sili za valvu, ama silinda imekwaruzika. Swali la waranti ni moja: chanzo ni kasoro ya kiwandani au matunzo? Wataangalia filta ya hewa kabla ya kitu kingine. Ikiwa imetobolewa au imetolewa ili pikipiki "ipumue", vumbi limesaga silinda na madai yameisha hapo. Ringi iliyotoka kiwandani na kasoro huacha mchirizi wa upande mmoja. Vumbi husaga ukuta mpana. Fundi mkweli anaona tofauti hiyo akiinua silinda, kwa hiyo dai uwepo wakati wanaifungua, na upige picha.

Kuhusu oili: kitabu hutaka huduma ya kwanza mapema, kwa pikipiki ndogo mara nyingi kati ya km 500 na 1,000, na kuponi igongwe muhuri. Kama kuponi yako ya kwanza ni tupu, wana hoja. Lakini hoja hiyo inapaswa kueleza uhusiano: oili gani ilitumika, na imesababishaje moshi? Ukiwa na risiti ya oili yenye daraja linalotajwa kitabuni, mfano 20W-50, na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, kwenye chupa, una pa kuanzia. Alama hiyo ina maana kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kuteleza vinavyofanya klachi iteleze. Klachi iliyoungua kwa oili ya gari hailipwi popote.

Waandikie barua, siyo simu: namba ya chasisi, tarehe ya kununua, kilomita, dalili, risiti. Waombe wakatae kwa maandishi, wakitaja kifungu. Nakala itume kwa msambazaji mkuu wa Uganda, maana duka la rejareja huogopa gharama ambayo msambazaji angeilipa. Wakishikilia, Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inasimama upande wa mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro, ila ni kwa mahakama za kule. Ukiwa umechomelea keria kwenye fremu bila kutoa betri, usishangae wakilitaja hilo pia kwa matatizo ya umeme; umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza rekitifaya (kidhibiti cha umeme wa kuchaji betri) na kompyuta ya injini.

SWALI (Köln, Ujerumani): Nimeona pikipiki Italia ina km 40 tu, bei chini sana. Naishi Ujerumani. Waranti vipi?

JIBU: Ndani ya Umoja wa Ulaya uko pazuri. Muuzaji wa biashara anawajibika miaka 2 kwa kitu kipya, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza ni juu yake kuthibitisha kwamba haikuwepo. Waranti ya kiwanda nayo kwa kawaida hukubaliwa na mawakala wa nchi wanachama. Uliza tarehe ya usajili wa kwanza: pikipiki za "kilomita sifuri" huwa zimesajiliwa na duka lenyewe miezi mingi nyuma, na saa ya waranti ilianza kuhesabu siku ile.

Bei hiyo pia haijaisha. Pikipiki iliyo chini ya km 6,000, au isiyotimiza miezi 6 tangu usajili wa kwanza, kodi inaihesabu kuwa mpya, na VAT ya asilimia 19 utailipa Ujerumani ndani ya siku 10. Hakikisha hulipi ya Italia pia, na dai hati ya ulinganifu, COC, kabla ya kutuma hela. Mzozo ukitokea, kituo cha watumiaji wa Ulaya kilichoko Kehl hushughulikia kesi za kuvuka mpaka bila malipo.

SWALI (Goma): Nilileta pikipiki kubwa kutoka Uingereza, bado iko ndani ya waranti. Usiku madereva wote wananiwashia taa wakidhani nimewasha ful. Hii si kasoro?

JIBU: Taa yako ni nzima, imetengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Mwanga wake hupanda upande wa kushoto kumulika ukingo wa barabara. Kongo mnaendesha kulia, kwa hiyo unapanda machoni kwa anayekuja. Waranti haihusiki. Agiza taa ya mbele ya toleo la Ufaransa au Ujerumani kwa modeli hiyohiyo, nzima, maana kwenye taa za LED kioo hakibadilishwi peke yake. Ikiwa ni ya balbu na kioo chenye mistari, kwa sasa bandika kipande cheusi cha stika ya taa kwenye pembetatu ya mwanga inayopanda kushoto. Jaribu ukutani usiku kwa umbali wa mita 5 hadi mstari wa juu wa mwanga uwe sawa. Pikipiki ndogo za teksi nyingi hazina shida hii. Mwanga wao ni sawa pande zote mbili.